Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Ya kawaida kwanza. Kamati imekutana kama katiba yetu inavyotaka, ada zimekusanywa (wapo wanaongoja kukumbushwa, nao wanajijua), na hesabu mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitakaa kwenye matembezi ya Hyde Park, maana waliokosa hawaachi kuniuliza.

Tulizunguka Serpentine, ziwa ambalo wengi wetu hapa London tumelipita miaka nenda rudi tukidhani ni la asili. Kumbe mwaka 1730 Malkia Caroline, mke wa Mfalme George II, aliamuru Mto Westbourne uzibwe kwa tuta upande wa mashariki, maji yakajikusanya. Enzi hizo maji ya bustani za wakubwa yalichimbiwa mistari iliyonyooka. Hili lilipindwa makusudi ili lionekane kazi ya Mungu. Husimuliwa kwamba mfalme aliamini mkewe analipa kutoka mfukoni mwake. Malkia alipofariki mwaka 1737, ikabainika kuwa waziri mkuu, Robert Walpole, alikuwa akimpenyezea fedha za serikali. Mweka hazina wetu alicheka sana hapo. Wakaguzi wazingatie.

Tatizo likawa maji yenyewe. Jiji lilivyotanuka, Westbourne uligeuka mfereji wa maji taka, na uchafu wote ukatua ziwani. Mwaka 1834 mto ukapitishwa pembeni, yakavutwa maji ya Thames, ambayo nayo hayakuwa ya kujivunia. Siku hizi ziwa linategemea visima virefu vilivyochimbwa humo humo bustanini.

Mto bado upo. Ukiwa stesheni ya Sloane Square, inua macho: lile bomba nene la chuma linalokatiza juu ya reli, ndani yake ndimo Westbourne unamopita. Abiria chini yake wako kwenye simu zao.

Waogeleaji wana klabu ziwani hapo tangu 1864, na asubuhi ya Krismasi hushindana yadi 100 katika baridi ile. Mwanachama mmoja alipendekeza tupeleke timu. Kamati ilikataa kwa kauli moja.

Badala yake, kamati inaomba idhini yenu mwakani tuufuate Westbourne kutoka Hampstead hadi unapoingia Thames, Chelsea. Wenye magoti mabovu watatungoja Paddington. Hoja hiyo ni ya nne kwenye ajenda. Tafadhali msiondoke kabla ya kura.

Mwenyekiti