Msahihishe basi muonyeshe na njia

Mhariri,

Mimi nauza chapati hapa Jinja, Uganda, hesabu niliishia darasa la saba, lakini juzi nimefungua daftari la binti yangu nikashindwa kunyamaza. 1/2 + 1/3 kaandika 2/5, mwalimu kamkosesha kwa wino mwekundu, pembeni kaweka 5/6, basi, imeisha hiyo. Sasa mtoto atajuaje kateleza wapi?

Nikamuita kwenye meza yangu nikamwambia, mwanangu, nusu chapati unayo tayari mkononi, nakuongezea theluthi, inakuwaje ubaki na 2/5 ambayo ni ndogo kuliko hiyo nusu uliyoanza nayo? Akacheka mwenyewe. Tukaikata vipande 6 sawasawa, nusu ni vipande 3, theluthi ni 2, jumla 5 kati ya 6. Chapati akaila, hasara yangu.

Pembetatu nayo hivyohivyo. Pembe mbili ni nyuzi 50 na 60, unatafuta ya tatu, unajumlisha 110, unatoa kwenye 180 inabaki 70, sawa, ila hiyo 180 imetoka wapi? Chora pembetatu kwenye karatasi, chana kona zote tatu uzibananishe pamoja, utaona zinafanya mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka ndio nyuzi 180.

Walimu najua madarasa yamejaa jamani, lakini hata swali moja kwa siku lifanywe ubaoni hatua kwa hatua. Na nyinyi gazeti mkituwekea kakona ka hesabu kwa watoto wa PLE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mimi nitakuwa nanunua kila wiki.

Mzazi, Jinja