Watu wa visiwa vya Ugiriki walitoka sehemu nyingi

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya juzi kuhusu visiwa vya Ugiriki, nimeifurahia kwa kweli, ila kuna sehemu imenikera, pale mlipoandika kwamba watu wa visiwa vile wamekaa palepale tangu enzi za Homer, yule mshairi wa kale, bila kuchanganyika na mtu yeyote. Jamani hapana, sio kweli, na naomba nafasi nieleze kwasababu historia ya vile visiwa naipenda sana na inaniuma ikikatwa hivyo.

Visiwa vingi vile vilishawahi kubaki karibu vitupu. Tauni ya 1347 na 1348 ilipita bandari hadi bandari maana meli ndo zilikua zinaibeba, alafu juu yake maharamia hawaishi kuja kuchukua watu wakawauze. Mwaka 1537 Hayreddin Barbarossa, mkuu wa jeshi la majini la himaya ya Ottoman ya Waturuki, alishuka kisiwa cha Aegina akabeba maelfu ya watu utumwani, na Kythera nako akaubomoa mji mkuu wa kisiwa. Sasa kisiwa kikishafika hapo nani atalima, nani atalipa kodi, nani atalinda pwani? Watawala ilibidi watafute watu, hakukua na namna nyingine.

Na hapo ndo wanaingia Waalbania, na nataka wasomaji wenzangu waelewe kwamba wengi hawakuja kuvamia, waliitwa. Mwaka 1402 Seneti ya Venice, ambao ndo walikua wanatawala kisiwa cha Euboea, ilitangaza kwamba Waalbania na watu wengine wa nje ya himaya yake wakija na farasi wao watapewa ardhi iliyolala bila kulimwa, sharti ni kwamba wale farasi watunzwe na wawe tayari muda wote kwa ulinzi wa kisiwa. Ukiangalia vizuri hayo ni makubaliano ya kazi kabisa, unapewa shamba na unakua askari. Miaka michache kabla ya hapo, huko Peloponnese, kusini ya bara la Ugiriki, Theodore Palaiologos mtawala wa Mystras alipokea Waalbania kama 10,000 waliofika kwenye shingo ya nchi ya Korintho na wake zao, watoto na mifugo yao, na kaka yake Manuel wa pili, mfalme wa Bizanti, ndo aliyelisimulia hilo kwenye hotuba ya msiba wa Theodore. Kutoka bara huko wengine wakavuka kwenda visiwani, ndo unawakuta Salamina, Poros, Spetses na Hydra, na Aegina nayo ikaja kupata wakazi wapya baada ya Barbarossa. Kaskazini ya Andros na kusini ya Euboea upande wa Karystos nako walijaa.

Waslavi, watu wengine walioingia Ugiriki kutoka kaskazini, habari yao ni tofauti kidogo. Wao walikuja mapema zaidi, karne ya 6 na ya 7, na kuna maandishi ya mji wa Thessaloniki yanayoeleza walivyokua wanachonga mitumbwi ya gogo moja wakaingia nayo baharini kushambulia visiwa, mwaka 623 walifika mpaka Krete. Ila visiwani hawakukaa kwa wingi kama walivyokaa bara, kule Peloponnese kwenye milima ya Taygetos kabila lao la Melingoi lilidumu mamia ya miaka. Kwahiyo anayewaweka Waslavi na Waalbania kwenye kapu moja anakosea pia.

Kuna kosa la upande wa pili nalo lisiachwe. Mwaka 1830 Mjerumani mmoja, Fallmerayer, aliandika kwamba Wagiriki wa kale waliisha kabisa na hawa wa leo hawana hata tone la damu yao, na Wagiriki walimkasirikia sana, na mimi naona walikua na haki. Wenyeji wa zamani hawakuisha, walibaki na lugha yao na kanisa lao, na wageni ndo wakaingia humo, wakaoana, wakazika wazee wao kwenye makaburi yaleyale.

Angalieni vita vya 1821 vya Wagiriki kujipatia uhuru kutoka kwa Ottoman. Meli nyingi za Wagiriki zilitoka Hydra na Spetses, visiwa vya mawe matupu ambavyo kilimo chake ni cha shida kwahiyo watu walienda baharini. Mama Laskarina Bouboulina, mjane, alitumia mali yake kujenga meli ya vita Agamemnon na kulisha mabaharia. Familia zile nyumbani zilikua zinaongea Kiarvanitika, yaani Kialbania cha hawa wahamiaji wa Ugiriki, maji wakiita ujë na mkate bukë, na hakuna aliyewaambia nyie sio Wagiriki kamwageni damu yenu kwingine. Hata Admirali Pavlos Kountouriotis, aliyekua rais wa jamhuri 1924, ni wa ukoo huohuo wa Hydra.

Mkiandika tena kuhusu visiwa hivi naomba msiwaruke hawa watu. Salamina na vijiji vya Karystos bado kuna wazee wanaoijua ile lugha, vijana wengi hawaijui kwasababu shuleni ilikua inadharauliwa, na wale wazee wakiondoka itakua imeondoka nao, kwahiyo mkipata mwandishi wa kuwahoji mtumeni mapema.

Msomaji wenu,
Tanga