Kwa binti yangu aliyehamia Rotherhithe

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku Dar hatujambo. Umeandika kwamba chumba ulichopata Rotherhithe, mtaa wa bandari ya zamani ya London, ni kidogo ila kinatazama mto. Mtu aliyekula mshahara wa bandari kama baba yako hawezi kusikia jina hilo akanyamaza.

Ukiingia kanisa la St Mary, tazama nguzo zake: ndani ya lipu ni magogo ya miti, kama milingoti. Parokia ilikuwa ya mabaharia na waunda meli. Zamani hizo kodi ya makaa ya mawe ndiyo iliyojenga makanisa ya London, nao wakaomba fungu, maana wao ndio waliohatarisha roho kuyaleta makaa hayo kutoka Newcastle. Wakanyimwa. Wakachangishana, ujenzi ukaanza 1714. Bandari ni ile ile popote!

Nje amezikwa Christopher Jones, nahodha wa Mayflower, meli iliyowapeleka Waingereza walowezi Marekani 1620, na wageni wengi humtafuta yeye. Wewe mtafute Lee Boo wa visiwa vya Palau, katika bahari ya Pasifiki. Meli ya nahodha Henry Wilson ilivunjika huko 1783, wenyeji wakawasaidia mabaharia kuunda nyingine, na mtawala wao akamkabidhi Wilson mwanawe, huyo Lee Boo, akasome Uingereza. Mtawala akauliza mwanawe atarudi lini. Akaambiwa miezi 30, pengine 36. Akatwaa kamba, akapiga mafundo 30, akaacha nafasi, akaongeza sita.

Lee Boo alifika Rotherhithe 1784, akatiwa shule. Desemba ya mwaka huo huo ndui ikamuua, kijana wa miaka 20. Baba yake alipewa habari 1791, mafundo yamekwisha zamani. Hapo ndipo nilipofunga kitabu nilichosomea habari hizi nikatoka nje.

Magati ya hapo yalianza miaka ya 1690. Zilikuja meli za kuvua nyangumi, kisha za mbao. Makuli walibeba mbao ndefu mabegani, wamevaa kofia za ngozi zenye kipande kinachoshuka kufunika shingo. Tarehe 7 Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliziwasha mbao hizo. Bandari ikafungwa 1970, sehemu kubwa ikafukiwa, zikaota nyumba za kupangisha kwa bei uliyonitajia, ambayo mama yako sijamwambia.

Yeye anauliza tu kama chanjo zako zote umeshapata. Usimcheke, nilimsomea habari za Lee Boo.

Baba yako