Msikate stempu kwenye kadi za zamani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wenzangu, hasa wale wenye masanduku ya barua za zamani majumbani: msibandue wala msikate stempu kwenye kadi na bahasha zake. Hapa Mji Mkongwe nimeona kadi za posta za Cairo zimepitishwa mkasi pembeni, stempu zimetiwa kwenye vifuko vya plastiki zinauzwa, na kadi zenyewe zimetupwa chini. Mojawapo ilikuwa na picha ya Abu Simbel, hekalu la kale la Misri lenye sanamu nne kubwa mbele yake. Stempu ilikuwa nyuma, kwa hiyo mkasi uliondoka nayo pamoja na kichwa cha sanamu ya kwanza. Iliniuma sana.

Mimi hukusanya kadi na stempu za majengo ya kale ya Afrika ya Kaskazini. Ninao msikiti mkuu wa Kairouan kwenye stempu ya Tunisia ya 1906, na piramidi na Abulhol, ile sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu, ambazo Misri ilianza kuziweka kwenye stempu zake mwaka 1867. Lakini hizo za Abu Simbel ndizo roho yangu.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa miongoni mwa vijana wa Unguja waliokwenda kusoma Cairo. Kadi aliyomletea bibi inaonesha sanamu nne za Firauni Ramses wa Pili zilizochongwa jabalini, ya pili kutoka kushoto imevunjika, na Mto Nile uko karibu kabisa. Nyuma ameuliza kama karafuu mwaka ule zimezaa. Stempu imeandikwa UAR, jina la Misri la wakati ule, na muhuri unasomeka 1962.

Mwaka huo ndio wa kuutazama. Bwawa Kuu la Aswan lilianza kujengwa 1960, na maji yake yangelimeza hekalu zima. Baina ya 1964 na 1968 hekalu lilikatwa vipande vya tani nyingi, likapandishwa kiasi cha mita 65 na kujengwa upya. Pale panapoonekana kwenye picha ya ami, leo ni chini ya Ziwa Nasser, ziwa lililofanywa na bwawa hilo. Kadi, stempu na muhuri vikikaa pamoja, unajua kwamba siku ami alipoipeleka posta, Firauni alikuwa bado amekaa pale alipochongwa. Stempu peke yake haikwambii hayo.

Tena stempu zilibeba mwito wenyewe. Unesco ilipoiomba dunia mwezi Machi 1960 isaidie kuokoa mahekalu ya Nubia, yaani eneo la kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan, nchi nyingi zilitoa stempu za jambo hilo: Sudan mwaka 1961, Ghana na Morocco 1963, Algeria 1964. Nchi changa zilizokuwa na mahitaji yao mengi, na bado zilimkumbuka jirani.

Mwenye kadi kama hizi asiziloweke, asizipake gundi wala selotepu. Azitie kwenye albamu yenye mifuko, aiweke mbali na ukuta, maana unyevu wa pwani hauna huruma na karatasi. Na ndugu zangu wauzaji, kadi nzima yenye maandishi na muhuri wake ileteni kama ilivyo. Sisi wakusanyaji tutailipia zaidi kuliko hicho kipande cha pembeni.

Msomaji wako,
Mkunazini, Zanzibar