Hiyo "Run" Isikukimbize

Tanga

Kwako shoga yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, hofu ni kwako uliye mbali, tena kwenye baridi ya Uingereza, kwenye hiyo kazi yako ya kutunza wazee. Ujumbe wako wa sauti niliusikilizia jikoni, nikacheka mpaka mama akaja kuchungulia kuna nini. Yaani mzee wa watu, miaka themanini na ushee, anakwambia "I've got the runs", na wewe unaanza kumtafutia raba chini ya kitanda! Maskini, alikuwa anaharisha, anataka choo, tena kwa haraka.

Usione haya. Hilo neno "run" limewatoa jasho hata wenye lugha yao. Ile kamusi kubwa ya Oxford, ambayo James Murray alianza kuihariri mwaka 1879 kwa vikaratasi walivyokuwa wakituma wasomaji wa kujitolea, ilipofika toleo la pili mwaka 1989 ilikuwa na juzuu 20, na neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote humo lilikuwa kitenzi "set", maana zaidi ya 430. Baadaye wakaanza kuipitia upya. Mwaka 2000 "make" ikaipiku "set", mwaka 2007 ikaja "put", na mwaka 2011 "run" ikaziacha zote nyuma kwa maana 645. Hapo ni kitenzi peke yake, nomino hujaigusa. Mhariri aliyekabidhiwa kazi hiyo, Peter Gilliver, ilimchukua miezi tisa. Mimba nzima, shoga yangu, kwa neno la herufi tatu!

Maana nyingi zimeletwa na mashine. Treni ilipoanza kwenda, mitambo ya viwanda ikazunguka, baadaye kompyuta nazo zikaja na programu zake, Mwingereza hakuhangaika kuunda kitenzi kipya. Vyote akasema "run". Lakini kabla ya mashine kulikuwa na maji. Tangu zamani sana neno hilo na ndugu zake wa upande wa Ulaya ya kaskazini lilibeba kukimbia na kutiririka kwa pamoja. Wajerumani hadi leo wana "rennen" kwa mtu anayekimbia na "rinnen" kwa maji yanayochuruzika. Hilo liweke kichwani, maana litakusaidia hapo kazini kuliko daftari lako la msamiati. Pua ina-run kwa sababu kamasi zinachuruzika. Bomba lina-run kwa sababu maji yanatoka. Nguo nyekundu ikichuja ikaharibu mashuka meupe, rangi ndiyo iliyo-run. Na tumbo la mzee wako, nalo ukilitazama kwa jicho hilo, hakuna fumbo tena.

Umeniambia wakati wa kukabidhiana zamu wanaongea kasi na unashika nusu tu. Nimejaribu kuwaza wanayosema. Mgonjwa akiwa "running a temperature", ana homa, mpime. "Run her a bath" ni kumfungulia bibi maji ya kuoga, ujaze bafu, uangalie yasiwe moto. "We're running low on gloves" ni kwamba glavu zinakaribia kwisha, na "we've run out" ni kwamba zimekwisha kabisa, kwa hiyo ukisikia hiyo ya kwanza agiza mapema usingoje ya pili. "Run it past" muuguzi mkuu maana yake mweleze kwanza, usikie atasemaje, ndipo ufanye. Na wakisema wewe mwenyewe unaonekana "run down", hawakutukani. Wanaona umechoka hoi, na mimi naungana nao, punguza hizo zamu za usiku.

Kuna mahali hapafai kubahatisha, navyo ni vile viambata vidogo vinavyokaa nyuma ya neno. Mtu akikwambia "I ran into your aunt", shangazi yako ni mzima, wamekutana tu sokoni kwa bahati. Akisema "I ran over your aunt", mwite polisi. Kisha mwenzake huyohuyo anaweza kukwambia "let's run over the notes", na hapo hakuna aliyegongwa, mnapitia tu karatasi za mgonjwa. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili hapa ndipo wanapokata tamaa, na siwalaumu.

Najua utaniambia na sisi tuna "piga". Ni kweli, Mswahili anapiga pasi, anapiga simu, anapiga kura, anapiga deki na anapiga mswaki, wala hakuna anayeumia. Lakini "piga" ina adabu, inasubiri jina linalofuata ndipo ikuambie imekusudia nini. Hii "run" inakutaka utazame mbele na nyuma. Ukisema "she runs", dada anakimbia. Ukisema "she runs the home", huyo ndiye anayeiendesha hiyo nyumba ya wazee, bosi wako. Kitenzi hakijabadilika hata kidogo, ila mmoja anatoka jasho na mwingine kakaa ofisini.

Sisi "kimbia" yetu tunaiongezea mkia. Mtu anakimbia vita, anakimbilia kwa ndugu, anaitwa mkimbizi, na anayempokea ni kimbilio lake, yote yametoka kwenye shina moja. Mwenge wa Uhuru kila mwaka unakimbizwa mikoani, na sote tunajua sehemu kubwa ya safari unapanda gari. Hata uniti za Luku hapa nyumbani zinakimbia, tena siku hizi mno, sijui ni friji au ni hawa watoto na televisheni yao.

Wazee wako pia watakuwa wanatazama kriketi, nakuonya mapema. Huko "run" ndilo bao lenyewe, kwa hiyo babu akifurahi kwamba Uingereza imepata "runs" mia mbili usikimbilie kabati la dawa. Na wakianza kukumbushana "the run on the bank", wanazungumzia mambo kama yale ya Septemba 2007, wateja wa Northern Rock walipopanga foleni nje ya matawi kutoa fedha zao kwa hofu kwamba benki inaanguka. Hapo kweli watu walikimbilia, ingawa kwa Kiingereza ni kama benki ndiyo iliyoshambuliwa.

Nililolipenda kuliko yote ni la siasa. Mmarekani akitaka urais ana-run, na anayegombea naye umakamu ni "running mate". Mwingereza akitaka ubunge, kwa kawaida "he stands", anasimama. Sisi wote hawa tunawaambia wanagombea, neno lililo jirani kabisa na ugomvi, na yule wa pili tukampa jina la mgombea mwenza. Sisemi nani kapatia, ingawa ukinibana nitasema ni sisi. Basi uchaguzi wa madiwani wa hapo mtaani kwako ukifika, mtu akabisha hodi na makaratasi mkononi, akakwambia "I'm standing", usije ukamletea kiti.

Mama anakusalimu, na anauliza kama ile mitandio ilifika.

Wako,
Mwalimu