Barua ya Wazi: Mafua ya Mwaka Huu Siyo Yale ya Mwaka Jana

Kwako Mheshimiwa mwenye dhamana ya afya yetu,

Pokea salamu za heshima kutoka Igoma, Mwanza. Barua zangu mbili nilizozileta ofisini kwako kwa mkono ziligongwa mhuri wa kupokelewa na hadi leo hazijajibiwa. Sasa naandika hadharani, kwa kuwa mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 74, ametoka wodini juzi baada ya siku 9 za kupumua kwa msaada wa oksijeni.

Mbele yangu lipo daftari lake la matibabu. Ukurasa wa Juni mwaka jana umeandikwa: "Malaria hakuna. Mafua." Ukurasa wa mwezi huu una maneno yaleyale kwa mwandiko mwingine, na chini yake antibiotiki ileile, ambayo haiui kirusi chochote. Nilipouliza kama haiwezekani kupima ni mafua ya aina gani, nilijibiwa kwamba mama alishaugua mwaka jana, kwa hiyo mwili wake una kinga. Nimefundisha biolojia kwa miaka 31, Mheshimiwa, na jibu hilo liliniuma kuliko kukosekana kwa kipimo chenyewe.

Kinga anayo, lakini ni ya kirusi cha mwaka jana. Kirusi cha mafua hubeba urithi wake katika RNA, molekuli yenye maelekezo ya kukijenga, na kimeng'enya kinachoinakili hakirudi nyuma kusahihisha makosa. Makosa mengi hukiangamiza kirusi chenyewe. Machache hubadilisha umbo la hemaglutinini, ile protini iliyochomoza juu yake, ambayo hukiwezesha kujishikiza kwenye seli za njia ya hewa na ambayo ndiyo kingamwili zetu hujifunza kuikamata. Ikibadilika sehemu ndogo tu, kingamwili za zamani haziishiki tena sawasawa. H3N2, mojawapo ya aina za kirusi cha mafua, iliyoingia kwa binadamu mwaka 1968, imekuwa ikijibadilisha hivyo hadi leo, na wazee ndio huumia zaidi. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani huwakutanisha wataalamu kila Februari na kila Septemba kuchagua upya virusi vya kutengenezea chanjo, nao huchagua kwa kutazama sampuli zilizotolewa puani na kooni mwa wagonjwa. Asiyechukuliwa sampuli hayumo katika hesabu hiyo. Mama yangu ameachwa nje mara mbili.

Kwa sisi wa ziwani lipo jambo zito zaidi. Urithi wa kirusi cha mafua ya aina A umegawanyika vipande 8, na virusi viwili tofauti vikikutana ndani ya seli moja huweza kubadilishana vipande, kikazaliwa kirusi ambacho miili ya watu wengi haijapata kukutana nacho. Ndivyo yalivyozuka mafua yaliyoenea duniani mwaka 1957 na 1968, vipande vya virusi vya ndege vilipochanganyika na vya binadamu. Ndege wa majini ndio makao ya asili ya virusi hivi, na Januari 2017 mafua ya ndege ya H5N8 yaliua ndege wa porini na bata wa kufugwa kwenye mwambao wa ziwa hilihili, upande wa Uganda. Huku kwetu bata, kuku na nguruwe hulala hatua chache kutoka mlango wa chumba cha watoto.

Mwaka juzi, katika mkutano wa hadhara, ulituahidi kwamba vituo vya pembezoni vitapata vifaa vya kuchukulia sampuli "kabla ya msimu ujao". Niliyaandika maneno hayo siku ileile. Misimu miwili imepita. Huenda fedha zilichelewa, huenda vifaa vimekaa bohari vikisubiri saini, na huenda mtu aliamua kwamba mafua ni ugonjwa mdogo usiostahili gari la kupeleka sampuli maabara. Mama alipokuwa akihema mara 34 kwa dakika, nikizihesabu kwa saa ya mkononi, haukuwa ugonjwa mdogo.

Siombi jengo jipya wala mashine kubwa. Naomba kijiti cha pamba kipite puani mwa mgonjwa kabla antibiotiki haijaandikwa, sampuli ifike maabara ikiwa bado na baridi, na jibu lirudi kituoni liandikwe kwenye daftari lake. Naomba hilo tu, na naomba unijibu kwa tarehe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu, Igoma, Mwanza