Mapishi yaandikwe kwa gramu, kikombe kifuate

Mhariri,

Naomba nafasi kuhusu ukurasa wenu wa mapishi. Mapishi mengi yanayochapwa hutaka “unga wa ngano vikombe 4”, bila kusema ni kikombe kipi wala kinajazwaje. Maandazi yakigoma kuumuka, mpishi huilaumu hamira.

Kikombe hupima nafasi, si uzito. Cha mililita 250 kikijazwa maji kina gramu 250. Mafuta ya kula 230 hivi, sukari 210, asali 355. Unga wa ngano ndio msumbufu kuliko vyote kwa sababu una hewa ndani. Ukiutifua, ukaujaza kwa kijiko na kusawazisha juu kwa mgongo wa kisu, unapata gramu 125 hadi 130. Ukichota kwa kikombe moja kwa moja mfukoni na kushindilia, unafika 150 au zaidi. Kwa vikombe 4, hiyo ni karibu gramu 100 zilizoingia bila mtu kujua. Maandazi ya unga nusu kilo yaliyopangiwa mililita 280 za tui sasa yana unga gramu 600 kwa tui lilelile: kukanda kunakuwa kazi, unga unachelewa kuumuka, na andazi linatoka zito na kavu.

Mapishi yanayotafsiriwa kutoka Marekani yana mtego wake. Kikombe chao ni mililita 237 hivi. Wakia nazo ni mbili: ya uzito ni gramu 28, ya ujazo ni karibu mililita 30. Kwa maji huoni tofauti. Kwa unga, wakia 8 za uzito ni gramu 227, ilhali wakia 8 za ujazo ni kikombe kimoja tu, chenye gramu 120 hivi. Anayezichanganya hukosea karibu mara mbili.

Asiye na mizani anunue pakiti ya kilo 1 iliyofungwa kiwandani, aupime unga wote kwa kikombe chake, kwa mkono uleule, kisha agawe 1000 kwa idadi ya vikombe. Vikitoka 7 na nusu, kila kimoja ni gramu 133. Sukari aipime peke yake. Namba ya unga haiifai. Ujazo wa kikombe utajulikana kwa chupa mpya ya maji ya nusu lita: ikijaza viwili barabara, kila kimoja ni mililita 250.

Hamira na chumvi ziachwe kwenye kijiko. Mizani ya kawaida ya jikoni husoma gramu moja moja, na kijiko cha mililita 5 cha hamira kavu ni gramu 3 tu. Mizani ikikosea gramu 1, theluthi imepotea. Ila kiwe kijiko cha kupimia, kilichosawazishwa, maana vijiko vya kukorogea chai havilingani. Na mchele wa vitumbua upimwe mkavu, kwani ukilala majini unakunywa maji na kuongezeka uzito.

Ninaloomba ni gramu zitangulie, kikombe kiwe kwenye mabano, na chini ya ukurasa uwepo mstari mmoja: kikombe chetu ni mililita 250, unga umetifuliwa na kusawazishwa.

Mwokaji na msomaji wenu,
Tanga